Pikipiki ya Hamisi Ilitangulia

Nachingwea,
Jumapili jioni.

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kabla sijaanza maneno yangu, maana mdogo ni mdogo hata akiwa na hasira. Mguu wa Mama unaendeleaje? Vidonge vya presha anameza, au bado anavificha chini ya godoro na kusema amevimaliza? Na wewe mgongo wako je? Mvua imeshika huko Kondoa, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, kazini nakwenda, wakulima wananisumbua nami nawasumbua. Usingizi ndio umekuwa mgumu, na nimekaa kukuandikia kwa sababu hiyo.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu ya nyumbani naijua, Dada. Ukipokea tu unaweka spika, Mama anasogea, watoto wanasogea, na mama Tatu wa jirani anaingia na ungo wake kuuliza nani huyo. Ninayotaka kusema hayasemeki kwenye spika. Nimempa barua hii mwenzangu wa ofisini anayekwenda kwao Babati, na nimemwapisha ashuke Kondoa aikabidhi mkononi mwako, siyo kwa mtoto wala kwa mtu wa dukani.

Ni habari ya Omari wetu. Mwaka mzima sasa mdogo wetu amelala kwenye makaburi ya Afrika Kusini. Unajua wewe, najua mimi, anajua shemeji. Mama hajui. Ulinisihi tusimwambie kwa ajili ya presha yake, nami nikakubali. Tangu hapo Mama akiniuliza kwenye simu namjibu kwamba Omari anasalimu, kazi zimembana, amebadilisha namba. Nimekuwa fundi. Siku hizi hata sauti haitetemeki. Barua hii inakuomba tuache. Usiichane kwanza, isome mpaka mwisho, kisha nitukane ukipenda.

Unamkumbuka Hamisi? Nilikusimulia habari zake, yule kijana wa bodaboda wa Kiegei aliyenitoa kwenye mchanga mwaka wangu wa kwanza huku, nilipoanguka na pikipiki ya ofisi mbele ya wakulima niliokwenda kuwafundisha. Wote walicheka. Yeye alicheka pia, lakini alikuwa anacheka huku ananyanyua pikipiki. Alikuwa Mmakua wa upande wa Msumbiji, alivuka akiwa kijana mdogo akaja kwa mjomba wake Kiegei kufanya kazi kwenye mikorosho, akabaki. Kiswahili chake kilikuwa kigumu kidogo mdomoni, “dada” ilimtoka “tata”. Basi mimi nikawa Tata Salma, na nusu ya Kiegei wakaiga.

Wazo la safari lilizaliwa kwenye gereji ya fundi Issa hapa mjini. Fundi Issa ni Myao, mnene, mdomo hauna breki, lakini ukimpelekea injini iliyokufa anaifufua. Siku hiyo tulikuwa tunatazama kwenye simu yake wazungu fulani wanaosafiri na pikipiki kwa kundi, leo nchi hii kesho nchi ile, wamevaa makoti ya bei ya ng'ombe.

“Hawa wana nini ambacho sisi hatuna?” Issa akauliza.

“Pesa,” Hamisi akajibu, bila hata kuinua kichwa.

Tukacheka. Mwalimu Gervas peke yake ndiye hakucheka. Huyu ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Sumbawanga, anafundisha sekondari moja upande wa Mbekenyera, Ruangwa, na alikuwa amekuja kubadilisha cheni. Akasema pesa ni mipango tu, kwamba hata sisi tunaweza kutoka nje ya nchi kwa pikipiki zetu hizi hizi ikiwa tutakubali kula ugali wetu na kulala chini. Nilidhani anatania. Wiki iliyofuata alirudi na ramani.

Tulianza tukiwa watano, sisi wanne na mfanyabiashara mmoja wa ufuta wa Nambambo. Gervas alitaka Malawi akaone ziwa kutokea upande wa pili. Issa alitaka Zambia, ukimuuliza kwa nini anasema jina linampendeza. Ila kila tukigusa Malawi au Zambia tunakuta nyumba za kulala wageni, tunakuta mafuta, tunakuta siku nyingi barabarani, na mpango unatushinda kabla hatujawasha.  Mwisho Hamisi akasema, “Msumbiji ni hapo tu. Mnavuka daraja la Mtambaswala, mnatembea siku moja, mnafika kwa mama. Kulala bure, kula bure, mkalimani ni mimi.”

Ikawa hivyo. Nchi ya nje tuliyoimudu ilikuwa uani kwa mama yake Hamisi.

Hakuwa amemwona kwa miaka mingi. Mama huyo, Bi Atija, hana simu. Hamisi alikuwa anampigia kupitia mwenye duka wa kijijini kwao, ambaye akipokea anamtuma mtu amwite, na bibi anakuja mbio akifika salio limekwisha. Hamisi alimtumia mwenye duka picha yake akiwa juu ya pikipiki, amevaa helmeti yake nyekundu yenye mistari miwili myeupe na lile koti lake la kijani asilolivua hata jua likichoma. Mbele ya pikipiki, juu ya taa, alikuwa ameandikisha kwa rangi ATIJA. Mwenye duka akampigia kwamba bibi ameitazama ile picha mpaka simu ikazima chaji.

Dada, naomba usinione mjinga, lakini miezi ile ya kupanga nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nihamishiwe huku. Kila tulipopata Jumamosi tulikwenda kujizoeza, tunatoka Nachingwea mpaka Ruangwa, tunapinda Mbekenyera kwa Gervas, mkewe anatupikia mihogo na kisamvu, tunarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Hamisi ndiye aliyetufundisha kwenda kwa kundi. Anayejua njia anatangulia. Mgeni wa barabara, yaani mimi, anafuata nyuma yake. Fundi anakuwa wa mwisho ili akiharibikiwa mtu amkute. Na hakuna kumpita aliye mbele yako, hata akijikongoja. Tulizoea hivyo mpaka hata tukienda kunywa chai tunajipanga kwa foleni ile ile, watu wa mjini wanatucheka.

Mipango ilikuwa ya kubana kila kitu. Turubai la kuanikia ufuta ndilo lingekuwa hema. Unga, dagaa, viraka vya tairi na solusheni, mipira ya akiba. Gervas alipekua begi langu mbele za watu akatoa kanga ya tatu, akasema mwanamke mmoja ana miili mingapi. Pikipiki ninayoendesha ni ya serikali, haiwezi kuvuka mpaka, kwa hiyo Issa alikuwa ananiungia nyingine kwa vyuma vya maiti za pikipiki tano. Ilikuwa ikiwaka inakohoa. Hamisi akaibatiza jina la mjomba wake.

Halafu Hamisi akaugua.

Nitaandika kwa kifupi kwa sababu siwezi kwa kirefu. Ilikuwa homa. Jioni alimshusha abiria akasema kichwa kinamgonga, asubuhi hakuinuka, jioni ya pili hakuwepo. Ndugu zake walimkimbiza hospitali, wauguzi walifanya walichoweza. Nilifika nikakuta Issa amekaa chini kwenye korido, ameshika ile helmeti mapajani. Issa yule asiyenyamaza.

Tulimzika Kiegei. Fedha zote tulizokuwa tumekusanya za safari zilikwenda kwenye msiba, na hakuna aliyeuliza. Huku kusini kuna utani wa makabila, na Myao ni mtani wa Mmakua, basi Issa alitimiza kazi yake. Alishuka kaburini kabla ya maiti akakataa kutoka, anasema nafasi hii ameiwahi yeye, Hamisi atafute nyingine. Watu wakacheka huku wanalia, ndivyo inavyotakiwa. Ila walipomvuta mkono atoke, niliona kwamba kweli hakutaka kutoka.

Kisha swali likaja. Nani atamwambia mama yake?

Mjomba ni mzee, miguu imevimba, hasafiri. Mimi nilidhani atapigiwa mwenye duka. Wote wakanigeukia kana kwamba nimetukana. Issa akaniambia, “Bibi shamba, mtoto wa mtu hatangazwi kaburini kwa simu ya dukani, baina ya sukari na mafuta ya taa. Habari hii inabebwa na mtani, kwa miguu yake. Nitakwenda mimi.” Na pikipiki na vitu vya marehemu vipelekwe kwa mama, mjomba akaamua hivyo. Basi sisi tuliobaki tukasema hatumwachi Issa peke yake. Mtu wa ufuta wa Nambambo alijitoa, akasema yeye alitaka matembezi na siyo matanga. Simlaumu.

Lakini fedha hazikuwepo, Dada, na hati za kusafiria hazikuwa zimekamilika, na mimi nilikuwa sijapewa ruhusa kazini. Tukaanza kupanga upya, safari ile ile, barabara ile ile, turubai lile lile. Siku zikapita, ufuta ukavunwa ukaisha. Na simu ya Hamisi ilikuwa kwa Issa, naye hakuizima, akasema akiizima ni kama kumwua tena. Ikawa inaita. Ni mwenye duka, anasema bibi anauliza wageni mnafika lini. Issa anajibu, “Mwambie tunakuja.” Anauliza Hamisi yuko wapi, Issa anajibu ametoka kidogo. Kila alipokata simu alikuwa anafuta mikono kwenye suruali, na haikuwa na mafuta. Mimi nilikuwa namtazama nikimfahamu vizuri sana.

Tuliondoka alfajiri moja, watatu. Ile pikipiki ya kukohoa haikumalizika kuungwa, na haikuhitajika tena, maana mimi ndiye niliyepewa kuendesha ya Hamisi. Kuhusu vitu vyake, Gervas alipima mizigo akaona havitoshi. Begi limejaa unga na mipira ya tairi. Akasema cha kuvaliwa kivaliwe. Nikavaa koti la kijani. Nikavaa helmeti nyekundu. Tulikuwa tunabana nafasi, Dada, hatukuwa na wazo jingine lolote. Mpaka leo natafuta aliyepaswa kulishtukia hilo kati yetu na simpati.

Tukajipanga kama tulivyozoea. Gervas akasema pikipiki ya Hamisi itangulie, mpangilio wa marehemu usivunjwe. Mimi mbele, Gervas katikati, fundi nyuma. Tulikubaliana kwamba kabla ya kijiji kuna shule, mjomba alituelekeza. Hapo mimi na Gervas tutashuka tungoje, Issa ataingia peke yake kwanza aifikishe habari kama mtani, ndipo atuite.

Mpakani tuliulizwa mwenye pikipiki ni nani, kwa sababu kadi ilikuwa na jina la Hamisi. Tulikuwa na barua ya mjomba na ya mtendaji wa kijiji. Issa akasema, “Mwenyewe kabaki Kiegei, kapumzika.” Ofisa akasoma zile barua, akavua kofia kidogo, akatupisha. Ng'ambo walitusimamisha askari wakatuuliza maswali kwa Kireno. Tulibaki tunacheka kama mazuzu, sote watatu, tukitazama pale alipotakiwa kusimama mkalimani wetu. Nilikuwa nimeiota sana siku ile ya kukanyaga nchi ya watu. Nilikanyaga. Ilikuwa mchanga mwekundu na miti, kama Kiegei.

Ilipofika mchana barabara ikawa vumbi la unga. Tuliachiana nafasi ili tuone mbele. Huko nyuma Issa akapata pancha, akaanza kuziba peke yake, maana yeye ni wa mwisho na hakuna wa kumwona. Gervas hakujua. Mimi nilikuwa natazama mbele kuisaka shule. Shule niliyoambiwa ina bendera na kengele. Niliyoipita ilikuwa banda la nyasi lisilo na bendera, siku ya mapumziko, hamna hata mtoto mmoja. Nilipokuja kujua niko kijijini tayari kuku wanakimbia mbele ya tairi.

Mtu akapiga kelele, “Hamisi!”

Kisha vigelegele. Mwanamke mwembamba, mfupi, katoka nyuma ya nyumba na mikono imejaa unga, anakimbia, kanga inamdondoka na haiokoti. Nilisimamisha pikipiki kwa sababu angejigonga. Akashika usukani kwa mikono miwili, akaweka kiganja juu ya lile jina lake lililoandikwa pale. Watu wanatoka majumbani. Akaanza kunipigapiga begani, kwenye lile koti, anacheka na machozi yanamtoka, anasema Kimakua, kisha akanigeuzia Kiswahili. Aliishi upande wetu wakati wa vita vyao akiwa msichana, Kiswahili anakijua.

“Ivue hiyo, mwanangu. Ivue nikuone uso.”

Dada Mwajuma, sikuivua. Kioo cha helmeti kilikuwa kimejaa vumbi, haoni ndani. Nikajua kwamba maadamu kofia ile iko kichwani mwangu, mtoto wake yuko hai. Nikashikilia usukani. Anasema ivue, mimi natikisa kichwa. Nilikuwa nalia humo ndani.

Gervas akafika. Akaona. Akanijia mwenyewe, akanifungua kamba chini ya kidevu, akaivua. Bi Atija akaniona mimi, mwanamke mgeni mwenye uso wa vumbi na machozi. Hakushtuka. Alicheka, akadhani ni mzaha wa vijana, nimepewa pikipiki nitangulie. Akachungulia barabarani nyuma yetu.

“Mwenyewe yuko wapi?”

Gervas, Dada, ni mtu wa kupanga. Ana jibu la kila swali. Nikamwona anafungua mdomo, anaufunga, na kisha anasema, “Yuko nyuma, Mama. Anakuja.”

Aliisema vizuri. Kwa sauti tulivu, na tabasamu dogo la kumtoa mtu wasiwasi. Nikaijua ile sauti. Ni yangu na yako, ile ya kwenye spika.

Basi akatushika mikono akatuingiza uani. Alikuwa amejenga kibanda, yeye na wajukuu wake, miti na makuti, cha kuegesha pikipiki zisipigwe na jua. Alikuwa amesikia tutakuwa watano akajenga cha pikipiki tano. Akatuonyesha mikeka mipya. Akatuonyesha mbuzi aliyefungwa. Akatuonyesha chumba alichokandika upya, akasema humu atalala mwenyewe, kitanda nimeazima. Sisi tunafuata, tunasema ahsante Mama, pazuri Mama. Ningeweza kusema wakati wowote na sikusema. Nilijiambia kwamba kusema ni kazi ya mtani, tumngoje mtani. Ilikuwa kweli, na ilikuwa pia kisingizio.

Mlio wa pikipiki ukasikika. Akakimbia tena, kwa mara ya pili, na vigelegele vingine. Nilitamani ardhi inimeze.

Issa alizima injini mbali. Alipomwona anavyokuja alielewa kila kitu. Alishuka, akapiga magoti mchangani na ule unene wake, akajimwagia mchanga kichwani. Alikuwa ameandaa maneno ya utani, njia nzima alikuwa anayasema kwa sauti chini ya helmeti yake, aliniambia baadaye. Hayakutoka. Alisema tu, “Mtani wangu, nimekuja peke yangu.”

Sitakuandikia kilichofuata. Wewe ulipokea simu ile ya Omari, unajua kinavyokuwa.

Usiku wanawake walimkalia, nami nikakaa nao. Hakulia tena, alikuwa kama anafanya hesabu. Karibu na asubuhi akaniita nisogee. Akaniuliza ilikuwa lini. Nikamwambia, kabla ufuta haujavunwa. Akauliza, “Wakati ule natuma salamu za uji wa mtama, kwamba nimemwekea, alikuwa?” Nikamwambia alikwishazikwa. “Na nilipougua meno?” Nikamwambia naam, Mama, alikwishazikwa.

 Nilingoja anitukane. Mimi nilikuwa tayari kwa matusi, nilikuwa nimekuja na mgongo wa kuyapokea. Akasema polepole, wala siyo kwa hasira, na ndiyo maneno yanayoninyima usingizi:

“Kila sala nilimwombea afya. Nilimwombea safari njema, asianguke na hiyo pikipiki. Miezi yote hiyo. Maiti anaombewa afya, mwanangu? Mwenzenu alikuwa kule chini anangoja mama yake amwombee msamaha, na mimi namwombea barabara. Nyinyi mlinihurumia. Yeye mlimnyima.”



Asubuhi ilisomwa hitima. Mbuzi yule akachinjwa, wa furaha akawa wa matanga, na alisisitiza sisi tule. Pikipiki ya Hamisi tuliiacha chini ya kile kibanda, iko peke yake kwenye nafasi ya tano. Helmeti nilimpa mkononi. Akaifuta vumbi kwa kanga, akaingia nayo ndani. Tulirudi mimi nimepakiwa na Gervas. Tulipowasha hakuna aliyetaka kutangulia, tukasimama pale pikipiki zinaunguruma mpaka Bi Atija mwenyewe akatufanyia ishara ya mkono twende.

Sasa nakuja kwetu. Mama anamwombea Omari nini, Dada? Wewe unalala naye chumba cha pili, unasikia kuliko mimi. Nilipokuja likizo nilimsikia baada ya alfajiri. Anaomba Omari apate kazi ya maana, asishikwe na polisi wa huko, apate mke wa kumtuliza. Anaikunja mikono anajipangusa uso, anaamka ana raha. Mwaka mzima. Na Omari wetu, aliyezikwa na wageni kwenye udongo wa wageni, hakuna mama aliyemwombea rehema hata siku moja. Nasi tunajiita ndugu zake.

Najua presha yake. Najua uliambiwa asishtuliwe. Najua pia kwamba wewe ndiye uliyebaki naye, ukimwangalia yeye kila siku, na mimi niko huku mbali napigiwa simu Ijumaa. Ulichofanya ulikifanya kwa mapenzi, kama Issa alivyofanya, kama Gervas. Sikulaumu, ningekulaumu ningekuwa sikushirikiana nawe. Lakini siwezi tena kusema anasalimu. Ijumaa iliyopita Mama alipiga, nikaiacha simu ikaita mpaka ikakata. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu.

Nimeomba ruhusa kazini na nimepewa. Usimwambie wewe, usiubebe mzigo huo peke yako, na kwa Mungu usimwambie kwa maneno ya kuzunguka ukampa matumaini ya kuugua ugua kwanza. Ningojee. Mwambie shemeji amwombe yule muuguzi wa zahanati awe karibu siku hiyo, bila kueleza sababu. Tutakaa naye wote wawili, wewe kulia mimi kushoto, tutamshika mikono, tutasema mara moja. Akianguka tutakuwa tumemshika. Baada ya hapo tutamsomea Omari hitima yake, atakuwa na mama wa kumwombea.

Nisalimie shemeji, mwambie pikipiki yangu ya ofisi haijanimaliza bado. Nisalimie baba mdogo Jumanne na shamba lake la uwele, na shangazi Zena, na wanao wote mmoja mmoja, hasa yule mwanao Tatizo, mwambie zawadi yake ya korosho nimeiweka. Fundi Issa na Gervas wanakusalimu ingawa hawakujui, nimewasimulia.

Mama peke yake usimpe salamu zangu. Wala usimdokeze kwamba nakuja. Akijua ataanza kunipikia.

Mdogo wako,
Salma